Kwa Hiyo Mtu Akifika 22 Inakuwaje?

Ilikuwa saa kumi na kitu alfajiri, Alhamisi ya tarehe 26 Juni 2025. Tulikuwa watu watano kwenye chumba kimoja Temeke, feni inazunguka polepole, chupa ya chai imebaki nusu. Tulikuwa tunaangalia drafti ya NBA, usiku ambao timu za kikapu za Marekani huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Kule Brooklyn ilikofanyika bado ilikuwa Jumatano usiku. Chaguo la 11 lilitangazwa kwa jina la Portland, lakini habari ilishatufikia kwamba Memphis, timu yetu, wamepanda kutoka nafasi ya 16 kulichukua. Jina likasomwa: Cedric Coward.

Hata hatujapiga makofi, mmoja wetu ameshafungua simu. Hakutafuta pointi wala urefu. Alitafuta tarehe ya kuzaliwa.

"Septemba 2003. Msimu hata haujaanza, huyu ameshafika 22."

"Memphis na wazee wao!" akadakia mwingine.

Tukacheka. Na mimi nikaongeza langu, kwa sauti ya mtu anayejua mambo: mchezaji akifika 22 hajaonyesha kitu, ujue alichonacho ndicho hicho, usisubiri kingine.

Kwenye jamvi karibu na mlango alikuwa amekaa dogo mmoja wa kiwanjani kwetu, mrefu kuliko sote mle ndani. Usiku kucha alikuwa kimya. Akainua kichwa akaniangalia mimi, si mwingine.

"Kaka, kwa hiyo mtu akifika 22 inakuwaje?"

Hakuna aliyemjibu. Runinga ikaendelea na chaguo la 12. Adhana ya alfajiri ilipolia akasimama, akachukua kandambili zake, akaaga. Mlango ulipofungwa ndipo nilipokumbuka kwamba yeye mwenyewe alitimiza miaka 22 mwezi wa nne.

Hii ni wiki ya saba. Swali lake halijaniachia.

## Sisi na Memphis

Watu huniuliza ilikuwaje mtu wa Dar es Salaam akaipenda timu ya mji mdogo wa Tennessee, wakati wenzake wako Lakers na Chicago. Jibu lina futi saba na inchi tatu.

Alfajiri ya tarehe 26 Juni 2009, yaani tarehe ileile kwa saa za huku kwetu, nilikuwa mbele ya kompyuta ya binamu yangu, ukurasa mmoja unafunguka kwa dakika nzima. Neno drafti kwangu mpaka siku hiyo lilikuwa mchezo wa vizibo vya soda kibarazani. Usiku ule likawa kitu kingine. Los Angeles Clippers wakamchukua Blake Griffin. Kisha David Stern, aliyekuwa kamishna wa ligi, akarudi jukwaani Madison Square Garden na kusoma chaguo la Memphis: Hasheem Thabeet.

Chaguo la pili duniani. Mtoto wa Dar, aliyepita shule ya Makongo.

Nililia. Binamu yangu alitoka chumbani akidhani kuna msiba.

Yaliyofuata mnayajua na sitayarudia yote. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Wote wakawa nyota wakubwa. Kwa miaka 16 kila anayetaka kutuumiza hutaja majina hayo mawili kwa mpangilio huo. Hasheem alimaliza msimu wa kwanza na wastani wa pointi 3.1. Februari 2010 akapelekwa Dakota kwenye ligi ndogo ya kukuzia wachezaji, na mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Houston. Baada ya hapo Portland, Oklahoma City, Japani, Taiwan.

Ninachotaka kukumbuka ni tulichokuwa tukikisema sisi. Miezi ile ya mwanzo tuliimba wimbo mmoja: mpeni muda, bado mdogo. Alikuwa na miaka 22.

Usiku ule chumbani nilisahau kwamba umri huohuo niliwahi kuuita udogo.

## Hesabu ambayo si ya kipuuzi

Nataka kuwa mkweli kwa rafiki yangu aliyefungua simu, maana hesabu yake ina msingi.

Mchezaji wa raundi ya kwanza husaini mkataba unaoweza kufika miaka minne, na bei yake imepangwa tangu mwanzo, haina mjadala mkubwa. Ukimchukua wa miaka 19, mkataba unaisha akiwa na 23, na miaka yake bora yote iko mbele, ukiwa na uwezo wa kumbakiza. Ukimchukua wa 23, unaisha akiwa na 27. Mkataba wa pili, ule wenye fedha nyingi, unamlipa mtu ambaye magoti yake yameanza kuzungumza.

Kuna la pili. Chuoni, kijana wa 22 hucheza dhidi ya watoto wa 18. Mwili umekomaa, kifua kimejaa. Anapowasukuma chini ya kikapu huwezi kujua mara moja kama unaona kipaji au unaona miaka minne ya ziada. Mwenye timu anayeuliza swali hilo hafanyi dhambi.

Kwa hiyo rafiki yangu akisema "samaki mkunje angali mbichi", anasema neno la wazee na lina ushahidi. Giannis Antetokounmpo, aliyekuja kuwa nyota, alichukuliwa na miaka 18. Kobe Bryant aliingia moja kwa moja kutoka sekondari. Tangu drafti ya 2006 ligi imeweka sharti la miaka 19 katika mwaka wa kuchaguliwa, na toka hapo watu wamezoea kuona kijana akimaliza mwaka mmoja chuoni na kuondoka. Aliyebaki miaka minne ameanza kutazamwa kama embe lililobaki gengeni mpaka jioni.

Lakini mtu si samaki.

Na timu yetu hii, kuliko timu nyingi ninazozijua, ina ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2016 Memphis walichukua mchezaji wa miaka 20 kwenye nafasi ya 17, Wade Baldwin. Tulifurahi, tukasema huyu ana miaka kumi mbele yake. Kabla msimu wake wa pili haujaanza alikuwa ameachwa. Nafasi kumi chini yake, Toronto wakamchukua Mkameruni mmoja wa miaka 22 aliyeanza mpira wa kikapu akiwa ameshakuwa kijana mkubwa. Jina lake Pascal Siakam. Msimu wa kwanza wakampeleka ligi ndogo, akachukua ubingwa huko, akarudi. Mwaka 2019 alikuwa bingwa wa NBA. Mwaka 2025 akiwa Indiana akawa mchezaji bora wa fainali ya Kanda ya Mashariki.

Naye alipelekwa ligi ndogo. Hili nalirudia kwa sababu tulipompeleka wetu Dakota tuliita aibu.

Halafu kuna Desmond Bane. Miaka minne chuoni TCU, chaguo la 30 mwaka 2020, akiwa na 22. Kwenye kijiwe chetu tulisema mchezaji wa benchi huyo, mwisho wake unaonekana. Alipofika mwaka 2023 Memphis wakampa mkataba mpya wa miaka mitano unaokaribia dola milioni 200, na katikati ya Juni 2025 wakampeleka Orlando kwa kurudishiwa, pamoja na wachezaji wawili, machaguo manne ya raundi ya kwanza. Ile nafasi ya 16 waliyoitumia kupanda kwenda kumchukua Coward ilitokana na huyohuyo Bane. Yaani mzee wa jana ndiye aliyelipa nauli ya mzee wa leo, na sisi tumekaa chumbani tunacheka kama vile hatujawahi kukosea.

## Umri wa cheti na umri wa mpira

Wiki ya pili ndipo nilipoanza kuandika kwenye daftari. Nilichora mistari miwili kwa kila mchezaji, mmoja wa mwaka aliozaliwa, mwingine wa mwaka aliogusa mpira wa kikapu mara ya kwanza.

Hasheem alizaliwa Februari 1987 na akaanza mpira akiwa na miaka kama 15. Siku ya drafti alikuwa na 22 ya cheti na takriban saba ya mpira.

Sasa angalieni nani alikuwa mbele yake kwenye nafasi ya senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, pale Memphis: Marc Gasol. Gasol alichaguliwa wa 48 mwaka 2007, akaingia kucheza NBA akiwa na miaka 23. Ukimpima kwa cheti, naye ni wale tunaowaita waliochelewa. Lakini alikuwa amekulia ndani ya mpira, na kaka yake Pau alikuwa ameshakuwa nyota. Alikuja na miguu inayojua iende wapi kabla mpira haujafika. Baadaye akawa mlinzi bora wa ligi, mwaka 2013, mwaka uleule Memphis walipofika fainali ya Kanda ya Magharibi.

Umri wao wa cheti ulipishana kwa miaka miwili tu. Kwa umri wa mpira Gasol alikuwa mtu mzima na Hasheem alikuwa mtoto wa darasa la saba.

Hapa nilikwama siku nyingi. Kwa miaka 16 nimeamini kwamba Memphis walimnyima nafasi mtoto wetu. Daftari likanionyesha jambo gumu zaidi. Timu ile ilikuwa inataka kushinda msimu uleule, ikamaliza na ushindi 40 na vipigo 42, na haikuwa na pa kumweka mtu wa miaka saba ya mpira ajifunze mbele za watu. Je, angekuwa na 19 kwenye cheti wangemvumilia zaidi? Nadhani ndiyo. Je, angefika? Hapo naweka kalamu chini kila mara.

Nililolipata ni dogo kuliko nilivyotaka, ila nina uhakika nalo. Kosa ni lilelile. Senta anachelewa kuzunguka, anapewa faulo ya tatu kabla ya mapumziko. Akiwa na 19 tunasema anajifunza. Akiwa na 22 tunasema ndivyo alivyo.

Tunabadilisha jina la kosa kwa kuangalia cheti.

## Mtu wa Lubumbashi

Aliyeniumiza zaidi daftarini si Hasheem. Ni Oscar Tshiebwe.

Tshiebwe ametoka Lubumbashi, Kongo, ambako Kiswahili ndicho kinachozungumzwa sokoni na kwenye daladala, ingawa nacho kina ladha yake. Mwaka 2022 akiwa chuo cha Kentucky alichukua tuzo za mchezaji bora wa vyuo wa Marekani nzima. Alivuna ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, kwa wastani wa 15.1 kwa mechi. Akarudi chuoni mwaka mmoja zaidi. Juni 2023, akiwa na miaka 23, yakasomwa majina 58 na la kwake halikuwamo. Walisema ni mfupi kwa senta. Walisema na umri.

Miaka miwili kabla yake, Jonathan Kuminga wa Goma, mji mwingine wa Kiswahili, alichukuliwa wa saba na Golden State akiwa na miaka 18 na mchezo ambao bado ulikuwa haujaiva. Simwonei wivu Kuminga, na mwaka 2022 alivaa pete ya ubingwa. Nawaweka pamoja kwa sababu wote wawili wanaweza kukaa nami tukazungumza bila mkalimani, na ligi iliwatazama kwa macho tofauti kabisa. Wa Goma walimnunulia kesho. Wa Lubumbashi walimpimia jana. Alipata nafasi Indiana kwa mkataba wa kugawa muda na ligi ndogo, kisha Utah, na huko akaendelea kuvuna mipira.

Na sisi Waafrika umri wetu una mzigo wa ziada. Bismack Biyombo, naye wa Lubumbashi, alipokwenda drafti ya 2011 watu walishughulika na umri wake karibu sawa na walivyoshughulika na mitupo 10 aliyozuia kwenye mchezo mmoja wa vijana uliochezwa Portland, alipopata pia pointi 12 na ribaundi 11. Kwenye soka, mwaka 2009 FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Sisemi hakuna wanaopunguza umri. Wapo, tunawajua, wengine tumesoma nao. Ila wengi wa rika langu cheti cha kuzaliwa kilitafutwa siku shule ilipokidai, na mama akakumbuka mvua, au mwaka wa uchaguzi, au kifo cha babu, karani akaandika tarehe. Buddy Hield wa Bahamas alikuwa ameshakaa miaka kadhaa kwenye ligi ilipobainika kwamba amezaliwa mwaka mmoja kabla ya ule uliokuwa ukiandikwa. Watu wakarekebisha, maisha yakaendelea. Natamani vijana wetu nao wangerekebishiwa kwa wepesi huo.

Dikembe Mutombo wa Kongo, Mungu amrehemu, alichaguliwa wa nne na Denver mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Ishirini na tano! Alikuwa amekwenda chuo cha Georgetown akiwaza udaktari. Akacheza mpaka akiwa na 42, akastaafu Aprili 2009, miezi miwili tu kabla ya usiku ule wa Hasheem. Kama kijiwe chetu kingekuwa na kura Denver mwaka 1991, tungemkosa.

## Nilichosema mwezi wa tatu

Sasa sehemu ambayo nimeizunguka tangu mwanzo.

Yule dogo wa kwenye jamvi hakuuliza swali lake kwa mara ya kwanza usiku ule. Mwezi wa tatu, baada ya mazoezi ya Jumamosi, alibaki nyuma akinisaidia kukusanya mipira. Akaniambia anafikiria kuomba majaribio kwenye klabu moja ya mjini, na kwamba kuna mtu amemweleza habari za vyuo vya nje. Akaniomba ushauri, kwa sababu mimi ndiye kaka mkubwa pale kiwanjani na ndiye ninayejifanya kujua.

Nilimuuliza swali moja tu. Nilimuuliza umri.

Akasema mwezi ujao anatimiza 22. Nikamwambia mdogo wangu, umri umekwenda, tafuta kazi, mpira uwe wa kuchangamsha mwili. Nilisema kwa upole. Nilimpigapiga begani. Nilirudi nyumbani nikiona nimemsaidia mtu asipoteze muda.

Sikumuuliza alianza lini.

Zach Edey ndiye aliyenifanya nijisikie vibaya zaidi. Mwaka 2024 Memphis walimchukua wa tisa: senta wa futi saba na inchi nne, miaka 22, miaka minne chuo cha Purdue, mtu aliyecheza hoki na besiboli kabla ya kuja kwenye kikapu akiwa sekondari. Ilikuwa kama mtu amerudisha mkanda wa 2009. Kijiweni tuligawanyika vibaya, wengine walisema timu haijifunzi. Mimi nilimtetea Edey kwa mwezi mzima. Nilitaja Purdue, nilitaja tuzo zake mbili mfululizo za mchezaji bora wa vyuo, nilisema huyu mpira wake bado mchanga, miguu yake bado inajifunza, subirini. Alimaliza msimu na pointi 9.2 na ribaundi 8.3, akaingia kikosi cha kwanza cha chipukizi wa ligi, na mimi nikatembea Temeke nzima kama niliyemzaa.

Uvumilivu ule wote nilimpa kijana mzaliwa wa Toronto ambaye hatakuja kulijua jina langu. Wa kwetu nilimpa sekunde kumi.

## Jumamosi iliyopita

Baada ya usiku wa drafti hakuja mazoezini wiki tano. Nilisikia anafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi, anapakia saruji. Wiki ya sita nilikwenda. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo kaka", na hilo lilinibana zaidi kuliko kama angeninunia.

Nikamwambia nilikosea mwezi wa tatu, na nilikosea tena ile alfajiri. Akasema yameisha. Nikamwambia kwangu hayajaisha, naomba nimuulize swali ambalo sikumuuliza. Umeanza lini mpira?

Akafikiri, akahesabu kwa vidole vyenye saruji.

"Mwaka 2021, kaka. Mwishoni. Ule mwaka niliohamia kwa mama mdogo, kiwanja kilikuwa karibu."

Miaka mitatu na nusu ya mpira, na hapo hajawahi kuwa na kocha wa maana zaidi yangu mimi wa Jumamosi. Coward mwenyewe alianzia kwenye daraja la tatu la vyuo, ambako hakuna hata ufadhili wa michezo, na msimu wake wa mwisho alicheza mechi sita tu kabla ya kuumia bega. Nilimsimulia hayo, pale kati ya mifuko ya saruji. Sikumwahidi NBA wala chuo. Nilimwambia mkono wake wa kushoto ni mbovu, na kwamba nimeuona ubovu huo mwaka mzima bila kumwambia.

Akacheka kidogo. "Mbona hukusema?"

Jumamosi iliyopita alikuja saa kumi jioni, kabla ya wengine. Tukaanza na kushoto peke yake, hatua moja kutoka ubaoni. Alikosa saba za kwanza. Ya nane iligonga bodi, ikazunguka chuma, ikaingia. Ya tisa akakosa. Nilikuwa nimekaa kwenye tofali na daftari langu, naandika zinazoingia na zinazokosa, na kiza kilipoanza kushuka akaomba tumulike na tochi ya simu ili amalize mia moja.